Nilikimbilia upanga kabla ya miguu: miaka yangu mitatu ya tai chi Zhengzhou

Juzi binti wa shangazi yangu amepata skolashipu ya kwenda China, na kabla hata viza haijatoka kashaniuliza, "dada, upanga mzuri wa tai chi kule unauzwa bei gani?" Nikabaki na simu mkononi sijibu. (Tai chi ni ile sanaa ya mapigano ya Kichina ambayo wengi wanaifanya taratibu kama mazoezi.) Maana swali hilohilo ndo nililoanza nalo mimi mwaka 2018, na lilinigharimu goti la kulia, maelfu ya yuan, na karibu miezi mitano ya kushuka ngazi kiupandeupande huku nimeshikilia ukuta. Kwahiyo nimeamua niandike yote kwa kirefu ili yeye asome, na mwingine yeyote anayeenda huko na ana hamu kama niliyokua nayo.

Nilifika Zhengzhou Septemba 2018 kusoma masters ya uhandisi wa maji. Zhengzhou ndo mji mkuu wa jimbo la Henan, na sisi tuliokua na sinema za kungfu tukisikia Henan akili inaenda Shaolin moja kwa moja, na kweli hekalu liko jimbo hilohilo, Dengfeng. Nilichokua sijui ni kwamba na tai chi nayo kwao ni hapohapo. Ukivuka Mto Huang He kwenda kaskazini unafika wilaya ya Wen, huko kuna kijiji kinaitwa Chenjiagou, ukoo wa Chen ndo wanahesabiwa kuianzisha karne ya 17, na baadae mtu wa nje ya ukoo, Yang Luchan, akajifunza kwao akaipeleka Beijing, ndo ikazaa mtindo wa Yang ambao wengi tunauona kwa wazee bustanini.

Lakini mimi sikuanza kwa sababu ya historia, nilianza kwa sababu nilikua silali. Novemba ile ya kwanza baridi ilikua imeshaingia, masomo magumu, Kichina kinaingia sikio hili kinatokea lile, nikilala saa nne nafumbua macho saa nane usiku na hapo ndo basi mpaka kunakucha. Asubuhi moja nikasema bora nitoke tu kuliko kuhesabu nyufa za dari. Nikapanda basi la kwanza, nikashuka mbele ya bustani ya Bishagang, upande wa magharibi ya mji, maeneo ambayo zamani yalikua ya viwanda vya nguo. Saa kumi na mbili na nusu, giza bado, na bustani imejaa wazee. Wengine wanacheza dansi, wengine wanaandika herufi chini kwa brashi kubwa iliyolowekwa maji, na pembeni chini ya miti kulikua na kina mama kama ishirini wameshika panga ndefu zenye vishada vyekundu. Hakuna aliyekua anaongea. Spika ndogo inapiga muziki wa taratibu, wanageuka wote kwa pamoja, na vishada vikigeuka vinatoa sauti kama khanga iliyokung'utwa mara moja kabla ya kuanikwa. Nikasimama pale mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Siku hiyo usiku nililala, na nikajua nitarudi.

Mwalimu wao sitamtaja jina, kila mtu alikua anamwita Ayi. Ayi kwa Kichina ni mama mdogo, dada wa mama, na ni neno unalomwita mwanamke yeyote wa rika la mama yako hata kama humjui, sawasawa na sisi. Alikua mstaafu wa kiwanda cha pamba, ana miaka 68 wakati ule, mfupi, mikono yake migumu. Nilimsalimia kwa "nin hao", ile "nin" ya heshima, maana niliona nikisema "ni hao" kwa mtu wa umri ule ni kama nimeruka shikamoo. Alifurahi. Nikamwonesha kwa ishara kwamba nataka upanga. Akatikisa kichwa, akanisimamisha miguu upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, mikono mbele kama nimekumbatia mtungi, alafu akaenda zake.

Hiyo wanaita zhan zhuang, kusimama kama nguzo. Dakika ya tatu mapaja yakaanza kutetemeka, dakika ya tano nikawa na hasira za kweli, yaani nilihisi ananipotezea mda. Na nataka niseme wazi, hasira ile ndo ilikua mwanzo wa matatizo yangu yote yaliyofuata. Nilikua naona kusimama ni adhabu ya kungojea kitu chenyewe, wakati kusimama ndo kitu chenyewe.

Baada ya hapo akaniingiza kwenye mikao 24. Huu ni mfuatano uliotungwa 1956 na kamisheni ya michezo ya serikali ya China, waliuchukua mtindo wa Yang wakaufupisha ili mwananchi wa kawaida aweze kujifunza, unaisha kwa dakika tano au sita hivi. Majina yake ni mazuri: kutenganisha manyoya ya farasi mwitu, korongo mweupe anakunjua mabawa, mikono ya mawingu, jogoo wa dhahabu kasimama mguu mmoja. Mwaka uliofuata, 1957, wakatoa na mfuatano wa upanga wenye mikao 32, na huo ndo kina mama wa Bishagang walikua wanaufanya. Ayi alijifunza yote miwili kiwandani enzi za ujana wake, kabla ya zamu.

Sasa, upanga wenyewe. Nieleze kidogo maana watu wanachanganya. Wachina wana dao na wana jian. Dao ina makali upande mmoja, imepinda, unakata kwa nguvu ya mwili mzima, ukitaka kuielewa fikiria panga. Jian imenyooka na ina makali pande zote mbili, ukitaka kuielewa fikiria sime, ila nyembamba na ndefu zaidi. Ile ya kina mama ni jian. Kuna msemo wao kwamba dao ni siku 100, mkuki siku 1,000, jian siku 10,000. Piga hesabu, siku 10,000 ni zaidi ya miaka 27. Mimi nilikua nataka miezi mitatu.

Februari 2019, sikumwambia Ayi, nikaagiza upanga mtandaoni. Yuan 89, wakati ule yuan moja ilikua kama shilingi 330 za kwetu Tanzania, nikaona rahisi sana. Picha ilikua nzuri, dragoni kwenye ala, kishada chekundu. Nikaupeleka bustanini nikiwa na furaha kama mtoto wa Idi. Ayi akauchomoa, akauweka karibu na sikio lake akautikisa, ukalia kok-kok-kok, mpini umelegea. Akaukunja ncha kwa kidole, bapa ikapinda kama ufito mbichi. Alafu akanishikisha mkono wa kushoto kwa kinyume, bapa imelala nyuma ya mkono, ncha inaangalia juu, mkono umeshuka kawaida, na ncha ikapita kichwa changu kabisa. Kipimo chao ni hicho, ukiushika hivo ncha ifike usawa wa juu ya sikio, isiwe chini ya hapo na isizidi sana. Mimi ni mfupi, nilinunua wa mtu mrefu kwa sababu niliona ndefu ndo ya kishujaa. Akauvalisha ala yake, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema neno moja tu, "weixian", hatari. Upanga uliolegea mpini unaweza kuchomoka bapa ikamfata mtu wa mbele yako.

Kwahiyo hapa naweka kabisa: usinunue upanga wa kwanza bila mwalimu wako kuushika. Anza na wa mbao, kule nilipata kwa yuan 40. Ukifika mda wa chuma tafuta usio na makali, mpini haulii ukitikisa, na sehemu unapokaa sawa kwenye kidole iwe vidole vinne hivi mbele ya kinga ya mkono, ukiwa mzito ncha utakuua kifundo cha mkono. Kule wanasifia panga za Longquan, mji wa jimbo la Zhejiang wenye jina la uhunzi tangu kale, lakini kuandikwa Longquan kwenye ala sio kwamba umetoka Longquan, wangu wa yuan 89 nao ulikua umeandikwa hivohivo. Na usafiri pia uufikirie. Siku moja mlinzi wa ukaguzi wa treni za chini ya ardhi alinizuia na mfuko wa upanga, alikua na haki yake, nikarudi kwa miguu kilomita saba. Ndo maana wazee wengi wanatumia zile panga za kukunja zinazoingia ndani kama antena ya redio, au wanaacha zao kwa mtu anayekaa jirani na bustani.

Ningeishia hapo ningekua salama. Lakini nikaanza kujifunza mwenyewe usiku kwa video za simu. Ubaya wa video ni kwamba mtu amekuangalia, kulia kwake ni kushoto kwako, nikajifunza nusu ya mfuatano kinyume na ikanichukua wiki kadhaa kuufuta mwilini. (Ukilazimika, tafuta video iliyopigwa kutokea mgongoni kwa mwalimu.) Ndani ya wiki tano nilikua naweza mikao yote 32 kwa kufuatana. Nikawatumia nyumbani, mama akawaonesha majirani, watu wakasifia. Ayi aliponiona hakusema vibaya wala vizuri, alisema "man man lai", polepole, akaniinamisha bega lililokua limepanda, akaondoka. Nilitaka anisifie. Niliumia kweli, na badala ya kujiuliza kwa nini hajanisifia nikasema ngoja nitafute mwalimu mwingine anayejua thamani yangu.

Julai 2019, likizo, nikalipia kozi ya siku kumi kwenye kituo kimoja maeneo ya kule kijijini Chenjiagou. Yuan 3,800 pamoja na kulala na chakula. Akiba ya miezi minne ya posho yangu. Sitaki kusema vibaya kijiji kizima, kuna watu pale wamezaliwa ndani ya hii kitu na wanafundisha kwa uvumilivu, mimi mwenyewe nimekosea kwa kutouliza maswali kabla ya kulipa. Tulikua wageni kumi na mbili kwenye uwanja wa zege, mwalimu mmoja kijana, na mpango ulikua siku kumi mfuatano mzima wa mtindo wa Chen. Mtindo wa Chen sio kama wa Yang wa bustanini, unapinda kama kamba inayosokotwa, unashuka chini sana, alafu ghafla unapasuka. Kuna mkao wake mmoja wa mwanzoni jina lake linamaanisha mlinzi wa Buddha anatwanga kinu. Ngumi ndo mchi, kiganja ndo kinu, na mguu unainuka unapiga chini kwa kishindo. Nilikua nawaza bibi yangu Muheza akitwanga kisamvu, niliupenda ule mkao kuliko yote. Nikaupiga kwa nguvu zangu zote, mara thelathini arobaini kwa siku, juu ya zege.

Siku ya saba goti likalia. Nakumbuka kabisa, nilikua nimeshuka chini sana, mwalimu alikua ametoka kusema kwa sauti "angalieni mdada wa Afrika alivoshuka", uzito wote uko mguu wa kulia, na mkao unataka nigeuke kushoto. Nikageuza mwili. Unyayo haukugeuka, ulikua umebanwa chini na uzito wangu mwenyewe. Kitu kikasema tak, sio sauti kubwa, kama unapovunja njiti ya kiberiti, na maumivu hayakuja palepale, yalikuja baada ya kula. Jioni goti lilikua kama embe dodo. Nikamwambia mwalimu, akanipaka mafuta ya mitishamba akasema kesho litakua sawa. Na mimi kesho yake nikaenda tena uwanjani. Nilikua nimelipia siku kumi.

Kosa hilo la kesho yake ndo najilaumu nalo mpaka sahivi kuliko yote. Maumivu ya mapaja ni ya kazi, yanapita. Maumivu ya ndani ya kiungo, hasa ya upande wa ndani wa goti, yanayochoma ukigeuka, hayo ni ya kusimama hapohapo siku hiyohiyo. Pesa uliyolipa imeshaenda, goti bado lipo.

Nilirudi Zhengzhou, nikaenda hospitali, kipimo cha MRI na dawa na daktari ikafika kama yuan 1,100, bima ya wanafunzi ikarudisha kidogo sana kwa sababu sikulazwa. Jibu lilikua meniskasi imechanika kidogo, ule mto wa gegedo unaokaa katikati ya mifupa ya goti. Hakukua na haja ya upasuaji, ila nipumzike na baadae mazoezi ya kuimarisha paja. Daktari alinionesha kwenye skrini mstari mweupe mdogo kama unywele. Nililia kwenye basi, sio kwa sababu ya unywele ule, ni kwa sababu nilikua nimejifunza tai chi ili nilale na sasa silali tena kwa maumivu.

Na aibu. Miezi miwili sikukanyaga Bishagang. Nilikua naona nimemsaliti Ayi, nimeenda kwa mwingine na nimerudi kilema. Ayi akaanza kunitumia ujumbe wa sauti WeChat, Kichina changu kilikua bado kibovu, nikawa nampa rafiki anisikilizie. Ujumbe wa tatu ulisema, "Bustani ina viti." Basi.

Nikaenda Oktoba. Hakuniuliza nilikua wapi. Alinikalisha kwenye benchi, akaniambia nifanye mikono ya mawingu nimekaa, mikono na kiuno tu. Wiki tatu nilifanya hivo huku wenzangu wanazunguka na vishada vyao. Nilivoweza kusimama vizuri akaja na kitu ambacho nitakishukuru maisha yangu yote, karatasi. Risiti tu ya dukani. Aliniambia nihamishie uzito wote mguu wa kushoto, alafu akainama, mtu wa miaka 69, akasukuma ile risiti chini ya unyayo wangu wa kulia na kujaribu kuivuta. Ikichanika, mguu haujawa mtupu. Ikitoka nzima, sasa una ruhusa ya kugeuza unyayo. Mguu uliobeba wao wanauita shi, umejaa, na usiobeba wanauita xu, mtupu. Tai chi yote ya miguu ni kujua sasa hivi upi umejaa upi mtupu, na kutogeuza uliojaa. Risiti za kwanza zilichanika zote. Nilikua naamini nimehamisha uzito, kumbe nimehamisha kichwa tu na mabega.

Nilikua nimefanya mikao 24 kwa miezi nane, mikao 32 ya upanga kwa miezi mitano, na sikuwahi hata siku moja kuhamisha uzito wote. Hapo ndo nilielewa kwa nini hakunisifia.

Vitu vingine alivyonisahihisha kwa vidole viwili vyake nitaviandika kama nilivoelewa. Goti lielekee kule kidole gumba cha mguu kinakoelekea, lisianguke ndani, na lisipite ncha ya vidole. Kugeuka kuanzie kwenye nyonga, pale paja linapokutana na kiuno, ukiona goti ndo linageuka wa kwanza rudi. Kushuka chini sana sio daraja, Ayi mwenyewe alikua anafanya amesimama juu kabisa, na akikuwekea kiganja kifuani huwezi kumsogeza. Na kama uwanja ni zege usipige mguu chini, uweke tu. Baadae nilisoma kwamba mwongozo wa 2019 wa American College of Rheumatology, chama cha madaktari wa viungo wa Marekani, unapendekeza kwa nguvu tai chi kwa watu wenye goti lililochakaa, na nikaamini, kwa sababu goti langu limeharibiwa na limeponywa na mazoezi yenye jina moja.

Alafu ikaja Januari 2020, korona, tukafungiwa. Hosteli milango imefungwa, chakula kinaletwa, chumba changu ukitoa kitanda na meza kimebaki hatua tatu. Mikao 24 haiingii kwenye hatua tatu. Nikamuuliza Ayi nifanyeje, akasema chagua mikao mitatu. Nikachagua farasi mwitu, mikono ya mawingu, na kusimama tu kama nguzo. Kila siku asubuhi na jioni, hiyo mitatu, karibu miezi minne, na karatasi ya daftari chini ya mguu, navuta mwenyewe kwa uzi niliofunga. Hofu ilikua kubwa, nyumbani wanapiga simu wanalia, hatujui kesho. Lakini kuna wakati wa asubuhi, kwenye mikono ya mawingu, nilikua nasikia uzito unashuka kutoka paja la kushoto unapita chini ya kitovu unaingia kulia kama maji kwenye mfereji, na mimi ni mtu wa maji, nilijua ninachokisikia. Miaka mitatu ile yote, nilichojifunza kweli nilijifunza kwenye hatua tatu zile.

Tulivorudi bustanini Ayi akaniletea upanga wa mbao, wa mjukuu wake. Akanipa kitu kimoja, dian jian, kudonoa kwa ncha. Ndo mkao unaofungua mfuatano wa 32, unaunganisha miguu na unadonoa. Ukiangalia kwa mbali unaona mkono unapiga. Karibu, mkono haupigi kabisa. Kiganja kinalegea, kifundo kinapanda kidogo, na ncha inaanguka yenyewe mbele, na ile nguvu unaisikia imeanzia kisigino. Ukibana mpini ncha haianguki, inayumba. Aliniambia nishike kama ninavomshika mtoto mkono tukivuka barabara, hakamuliwi na haachiwi. Na mkono wa kushoto usio na kitu usisahaulike, vidole viwili vimenyooka, gumba limefunga vile viwili vingine, unasawazisha wa kulia. Mwezi mzima, kudonoa tu. Safari hii sikukasirika.

Mtu akikuambia mfuatano wa bustanini utakufanya ujue kupigana kwa upanga usimwamini. Nilijaribu mara chache mchezo wa duanbing pale chuo, wanavaa helmeti na wanapigana na fimbo zilizofungwa sponji, na dakika ya kwanza nilipigwa kwenye kifundo cha mkono, ya pili kifundo, ya tatu kifundo. Ndipo nikaelewa kwa nini mfuatano una mikato mingi midogo inayoishia usawa ule, mkono ndo kitu cha karibu zaidi alichonacho adui. Kwahiyo mfuatano una akili ya vita ndani yake, lakini akili hiyo inaamka tu ukiwa na mtu mbele yako anayekupinga. Kama lengo lako ni hilo, uliza mapema kama mwalimu anafundisha wawili wawili.

Ndugu wengine wananiuliza kuhusu dini. Mimi nilichofundishwa hakikua na dua wala kuabudu chochote, ni mwili na pumzi. Kwenye kundi letu kulikua na mama wa Kihui, Waislamu wa China, wapo wengi Zhengzhou, alikua anakuja na ushungi wake baada ya alfajiri na alikua na mikono mizuri kuliko sisi wote. Kuna walimu wanaochanganya na mambo yao mengine, ukiona moyo hautulii uliza, na una haki ya kuondoka.

Desemba 2020 UNESCO waliiweka tai chi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ayi alinionesha kwenye simu yake, miwani imeshuka puani, akasoma mara mbili, akaiweka simu mfukoni, akasema haya tuanze. Asubuhi ile tulifanya mfuatano bila spika.

Niliondoka Juni 2021. Upanga wangu mzuri wa chuma, ule niliokuja kununua na Ayi mwenyewe kwa yuan 260, nilimwachia, sikutaka kuanza maelezo viwanja vya ndege vitatu. Dar nikaenda kwa fundi Keko anitengenezee wa mninga. Wa kwanza ulikua mzito ncha, wa pili akauchonga ukawa mwembamba ukapasuka, wa tatu ukakaa kwenye kidole vidole vinne mbele ya kinga, nikampa 35,000 na soda. Nilianzia ufukweni nikaacha, mchanga unateleza chini ya mguu na goti langu linajua, sahivi nafanyia uani kwetu kwenye sakafu ya simenti, saa kumi na mbili kabla jua halijawa kali.

Wamejiunga majirani wanne, wote wamenizidi umri, wote walikuja kwa ajili ya ule upanga ukutani. Bado hatujaugusa, huu mwezi wa pili. Mmoja, mama wa miaka 61 mwenye goti bovu la kushoto, alinuna wiki ya kwanza kama nilivonuna mimi, nikamwachia anune. Jumamosi iliyopita nikachukua risiti ya luku nikaisukuma chini ya unyayo wake, nikamwambia mama, hamia kulia, hamia tena, usiinamishe kichwa, hamia. Nikavuta. Ikatoka nzima, na yeye hakujua hata kama nimeshaivuta.